Maharage ya kuoka na nyama: nyanya zisubiri

Umeuliza kwa nini maharage yako ya kuoka na nyama hubaki magumu hata baada ya saa 3 kwenye oveni. Ndugu yangu, kwa ulivyoeleza, kosa ni nyanya ulizotia mwanzoni. Uchachu wake huzuia maharage kulainika.

Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya mpaka punje moja ukiibinya kwa vidole ipondeke mara moja. Kama ni maharage mekundu, dakika 10 za mwanzo yatokote kwelikweli, maana yasipoiva huumiza tumbo vibaya.

Nyama usiitie mbichi. Ikaange vipande vichache vichache hadi iwe ya kahawia. Ukiijaza sufuria itatoa maji na kuchemka tu. Vitunguu vikaangie humo humo huku ukikwangua yale masalia yaliyoganda chini, utamu wote uko pale. Sasa ndipo nyanya ziingie. Changanya na maharage, mchuzi uyafunike kidogo, funika chombo, oka kwa nyuzi 160 saa 2. Dakika 30 za mwisho toa kifuniko ili juu pakauke na kushika rangi.