Jua, unga mweupe na maji yenye kemikali: majibu kwa wasomaji

Nimesikia kuna unga unaosafisha maji ukipigwa na jua. Ni dawa gani hiyo?

Ni titani dioksaidi, ule ule unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Lakini usiufananishe na klorini, maana wenyewe hauishi: ni kichocheo. Mwanga wa urujuanimno, yaani sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ukiupiga, elektroni (chembe ndogo sana zenye chaji hasi) huruka na kuacha pengo, na pengo hilo hupokonya elektroni kutoka kwenye maji. Hapo huzaliwa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli za maji vyenye ukali mno, ambazo hushambulia karibu kila kitu cha kikaboni, yaani kilichojengwa kwa kaboni: rangi za viwanda vya nguo, viuatilifu, mabaki ya dawa za hospitali. Kazi ikifika mwisho, hubaki kaboni dioksaidi, maji na chumvi kidogo. Msingi wake uliwekwa na Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda. Mwaka 1972 walionyesha kwamba elektrodi (kipande cha kupitishia umeme) ya titani dioksaidi ikimulikwa huweza kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Mimi bado nastaajabu kila nikiufikiria ugunduzi huo.

Kwa jua letu hili kali, si tungekuwa tumeshamaliza tatizo?

Jua tunalo, ila unga huu hutumia urujuanimno peke yake, ambao ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia. Ndiyo sababu watafiti wanahangaika na vichocheo vinavyoamshwa na mwanga wa kawaida, kama nitridi ya kaboni yenye rangi ya manjano. Na maji ya tope lazima yachujwe kwanza, la sivyo mwanga haupenyi.

Kisima chetu huku Arusha kina floridi nyingi. Utasaidia?

Hapana. Floridi si ya kikaboni, hakuna cha kuvunjavunja. Tafuteni chujio la mkaa wa mifupa, ambao huinasa.

Naweza kununua unga huo nikauchanganya kwenye ndoo?

Nakusihi usifanye hivyo. Chembe zake ni laini mno, kitambaa hakizizuii, utazinywa. Tena maji yaliyopoteza rangi si lazima yawe salama: sumu huvunjika hatua kwa hatua, na vipande vya katikati huweza kuwa vibaya kuliko sumu ya mwanzo. Maabara hupima kaboni iliyobaki, haziamini macho. Kama shida yako ni vijidudu, maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, yakikaa juani saa 6 bila wingu, yanatosha bila unga wowote. Kemikali, hata hivyo, hazitatoka kwa njia hiyo.