Re: Nilipie kabla halijatoka?

Mkuu, umeuliza kama ulipie toleo jipya la mchezo wa kompyuta wa kujenga miji kabla halijatoka. Subiri kwanza. SimCity ya 2013, mchezo wa aina hiyohiyo, ililazimisha intaneti muda wote, na siku za mwanzo tu seva zikazidiwa. Cities: Skylines II ilipotoka Oktoba 2023 ikawa nzito hata kwenye kompyuta zenye nguvu, sembuse hizi laptop zetu za mtumba. Hamu hata mimi ninayo, tena sana. Nataka niijenge Mtwara: malori ya korosho kutoka Masasi na Newala yakishuka bandarini, niyatafutie barabara yao isiyopita mitaani. Ila hela yangu haitoki mpaka wengine walicheze hilo toleo kwanza. Mashine yako ina RAM kiasi gani?