Msaidizi wa mtoto mwenye usonji: akae wapi darasani?

Msaidizi hatakiwi kukaa ubavuni mwa mtoto kutwa nzima. Michael Giangreco, mtafiti wa elimu ya watoto wenye ulemavu, na wenzake walilichunguza hili Marekani kwa wanafunzi wenye ulemavu, wakachapisha mwaka 1997: msaidizi akimganda mtoto, mwalimu hujitoa taratibu, watoto wenzake hawamsogelei, naye mtoto huzoea kusubiri kuambiwa kila kitu.

Akae hatua chache nyuma au pembeni, ahudumie na watoto wengine. Mwalimu akisema "toeni madaftari", msaidizi anyamaze kama sekunde 10, maana wengi wenye usonji huchelewa kuchakata maneno, na kurudia agizo upesi humfanya mtoto aanze upya kulichakata. Mtoto asipoanza, msaidizi amwonyeshe kwa kidole ratiba ya picha iliyo mezani. Maneno yafuate baadaye, machache. Kumshika mkono liwe la mwisho kabisa, tena kwa ridhaa yake. Kidokezo cha picha ni rahisi kukiondoa baadaye. Sauti ya mtu mzima sikioni ndiyo ngumu kuachishwa.

Kinachoharibu zaidi ni msaidizi kumwandikia kazi ili amalize na wenzake. Daftari linapendeza, mwalimu hajui mtoto kakwama wapi.

Ila mtoto anayetoroka darasani au kujiumiza anahitaji mtu karibu, na hata aliyetulia huenda akamhitaji wakati wa kubadilisha somo, foleni na kelele za mapumziko. Umbali upangwe kwa shughuli, si kwa siku nzima.