Je, polisi waweza kumzuilia mshukiwa wa ugaidi siku 90?

SWALI: Mhariri, mpwa wangu alikamatwa hapa Likoni usiku wa Jumapili, mwendo wa saa tatu. Kituoni tuliambiwa kwamba anashukiwa kuhusika na ugaidi, kwamba sheria yake ni nyingine, na kwamba atakaa ndani siku 90 bila kushtakiwa. Je, ni kweli?
Mjomba, Likoni

JIBU: Siku 90 zimo kweli katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012, lakini anayezitoa ni mahakama, si afisa wa kituo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka kila aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita au, zikiisha wakati mahakama imefungwa, kabla ya kwisha kwa siku inayofuata ya mahakama. Mshukiwa wa ugaidi hakutengwa na haki hiyo. Polisi wakihitaji muda zaidi, huwasilisha ombi la maandishi pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kosa linaloshukiwa, uchunguzi uliokwisha kufanywa na sababu ya kuendelea kumzuilia. Amri ya kwanza haizidi siku 30, na nyongeza huombwa upya hadi ukomo wa 90. Kwa hiyo wakili anahitajika siku ile ya kwanza, maana ombi lisilopingwa hupita kwa wepesi.

Ama hiyo “sheria nyingine”, Desemba 2014, baada ya mauaji ya kigaidi huko Mandera, kaskazini mashariki mwa nchi, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao cha vurugu, na Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakafuta vifungu vinane, kikiwamo kilichowabana wanahabari wanaoripoti habari za ugaidi. Walikiacha kinachoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano, nami naona hapo ndipo raia wa kawaida alipoumia zaidi, kwani aliyefungiwa hujua amefungiwa, ilhali anayesikilizwa simu hana habari.

Kwa mpwa wako, saa 24 ziliisha Jumatatu usiku, kwa hiyo ukomo wa polisi ulikuwa mwisho wa Jumanne, ikiwa haikuwa sikukuu. Ikiwa hajafikishwa, wakili aiombe Mahakama Kuu iwaamuru polisi wamlete mbele ya jaji. Haki ya kupata amri hiyo, kwa kifungu cha 25 cha Katiba, haipunguzwi na sheria yoyote, ya ugaidi ikiwemo.