Shati na sketi ni ndugu wa tumbo moja?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Mpwa wangu anayesoma chuo kaniambia kwamba kwa Kiingereza neno "shirt" na neno "skirt" ni ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia asiniletee porojo, moja linavaliwa juu na jingine chini. Akazidi kuniongezea: eti hata "short" na "score" ya mpira vimo humo humo. Kuna ukweli hapo? – Fundi, Morogoro

JIBU: Fundi, wajomba na wapwa hutaniana, lakini safari hii hakukutania. Mnunulie soda.

Waingereza wa kale walikuwa na neno "scyrte", na hiyo "sc" kwao ilikuja kutamkwa "sh". Ng'ambo ya bahari, Waskandinavia, yaani watu wa Denmark, Norway na Sweden, waliita "skyrta", na "sk" yao haikulainika. Asili ni moja: vazi la kupitisha kichwani, mfano wa kanzu iliyokatwa fupi. Kisha Wavikingi, mabaharia wavamizi wa hao Waskandinavia, wakaja. Mwaka 793 walivamia monasteri ya Lindisfarne, na karne iliyofuata wengi wao wakalowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakalima na kuoa huko. Lugha zikachanganyika, na Kiingereza kikajikuta na maneno mawili ya nguo ile ile.

Lugha haipendi kulisha midomo miwili kwa kazi moja. "Shirt" likabaki juu. "Skirt" likateremka, likawa jina la sehemu ya vazi la kike kuanzia kiunoni, pengine kwa sababu mashati ya wakulima wa enzi hizo yalikuwa marefu. Ukipata mteja wa Denmark akakuagiza "skjorte", usimkatie sketi. Anataka shati.

Sasa mzizi wenyewe, ambao wewe unauishi kila siku: maana yake ni kukata. "Short" ni kilichokatwa. "Shears" ni ule mkasi wako mkubwa wa kukatia vitambaa. "Share", yaani fungu au hisa, ni kipande ulichokatiwa.

Hiyo "score" ndiyo inayonifurahisha zaidi. Nayo imetoka kwa Waskandinavia, na mwanzoni haikuwa bao, ilikuwa chale ya kisu kwenye kijiti cha kuhesabia. Inaelekea mtu akihesabu kondoo alichanja chale moja kila wakitimia 20, ndipo "score" ikawa na maana ya ishirini. Rais wa Marekani Abraham Lincoln alipohutubia Gettysburg mwaka 1863 alianza na "four score and seven": ishirini mara nne, jumlisha saba, ni miaka 87. Zitoe kwenye 1863, unapata 1776, mwaka Marekani ilipotangaza uhuru. Hazina ya Uingereza nayo iliweka hesabu zake kwenye vijiti vya chale kwa karne nyingi. Mwaka 1834 wakaamua kuvichoma kwenye matanuri ya jengo la Bunge, na moto ukateketeza Bunge lenyewe. Bao la mpira ni mjukuu wa chale hizo.

Mpwa wako akikuletea na "scar", kovu, hapo mkatalie. Linafanana na ndugu hawa kwa sura na hata kwa maana, maana kovu mara nyingi huanzia kwenye mkato. Lakini limepitia Kifaransa na Kilatini kutoka neno la Kigiriki la meko, ambalo baadaye lilitaja kigaga cha kidonda cha moto. Mimi mwenyewe liliwahi kunipiga chenga. Kufanana hakutoshi, tazama kwanza sauti zinavyolingana, "sh" ya huku na "sk" ya kule, kisha fuata njia neno lilikopitia.

Sisi tuliwapokea wote wawili kutoka kwa Mwingereza bila kujua ni ndugu, tena tukawapa ngeli tofauti. Shati limechanika, sketi imechanika.