Kishoka cha kambi cha bei chee: mi naangalia zile kasoro ambazo siwezi kurekebisha

Nimeshanunua vishoka vitatu vya kambi vya bei ya chini na viwili kati ya hivyo vimeniaibisha mbele za watu. Cha kwanza kichwa kilichomoka siku ya pili tu, nipo nachanja kuni, kikapita karibu kabisa na goti langu kikaenda kupotelea kwenye majani, mi nikabaki nimeshika mpini mtupu kama mtu anayeongoza kwaya. Cha pili kilikuwa kizuri hatari, kinang'aa mpaka unajiona uso, nikakipiga kwenye fundo la mti mkavu na nilivyokitoa makali yakawa na pengo upana wa ukucha wa kidole kidogo. Cha tatu ndo kibaya kuliko vyote kwa sura, rangi imechuruzika mpaka kwenye mpini, butu kiasi kwamba ungeweza kukikalia, na ndo hicho ninacho mpaka leo.

Sasa nilichokuja kuelewa ni hivi, kishoka cha bei chee lazima kitakuwa na kasoro, hilo halina ubishi, maana mahali fulani kiwandani wamebana gharama. Kazi yako ni kujua wamebania wapi. Kama wamebania kwenye kunoa, kupaka rangi, vanishi au ala, hiyo ni kazi yako ya jioni moja na tupa na msasa. Kama wamebania kwenye chuma chenyewe au tundu la mpini limetobolewa upande, hapo hata ukae nacho mwaka mzima hukisaidii. Ndo maana sikitazami tena kinavyong'aa, kung'aa ni gurudumu la kusugulia tu.

Kitu cha kwanza ukikishika, kigeuze makali yaangalie juu, weka jicho lako kwenye kitako cha mpini afu utazame mbele kama mtu anayelenga bunduki. Mstari wa makali unatakiwa upite katikati ya mpini. Ukipishana kidogo sana hamna shida, lakini kama makali yanaangalia pembeni kama mtu aliyenuna, rudisha chukua kingine. Na hapa nisisitize, usichukue kile cha kwanza kwenye rafu! Vishoka vya bei chee vya aina moja, kiwanda kimoja, vinatofautiana sana, mi cha tatu nilikipata baada ya kushika kama vinane hivi na muuzaji ameshaanza kunitazama vibaya.

Afu angalia juu ya kichwa, pale mpini unapotokea. Mti unatakiwa ujaze tundu lote, ufike usawa wa chuma au utokeze kidogo, na kabari ya mbao iwe imeingia vizuri kwenye ufa wake, mara nyingi unakuta na kabari ndogo ya chuma imepigwa juu yake. Ukiona mti umezama ndani au kuna uwazi unaoingiza ukucha, wasiwasi. Chungulia na chini ya kichwa vilevile, watu wengi hawaangaliagi huko. Gundi peke yake sio dhambi, kuna viwanda vinamimina epoksi na kichwa kinakaa, ila gundi ya kuziba mashimo ni habari nyingine kabisa. Kile cha kwanza changu kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi nzito pale juu, nikaona ni urembo, kumbe baada ya ajali nilivyokwangua na msumari nikakuta karibu nusu ya tundu ni gundi tupu, mti wenyewe mwembamba kama umekonda kwa homa. Tangu siku hiyo rangi nzito pale juu naihesabu kama kuficha kitu.

Mpini wenyewe ukiwa wa mti, tazama kitako chake utaona mistari ya nyuzi. Inatakiwa iende mbele nyuma, yaani uelekeo uleule wa makali, isikate kushoto kulia. Kisha tazama ubavuni, nyuzi zisafiri na mpini mpaka mwisho, maana zikitokea pembeni katikati ya njia, pale ndo patakapokatika. Fundo kwenye mpini, achana nao. Hikori na ash, aina mbili za mbao ngumu, ndo zinasifika kwa kuvumilia mshtuko. Ila tuwe wakweli, kishoka ni kifupi na kinapigwa kwa mkono mmoja, kwa hiyo nyuzi zilizolala kidogo sio msiba kama kwenye shoka kubwa, na mpini unabadilishika. Ningelazimishwa kuchagua kati ya mpini mbaya na chuma kibaya, ningechukua mpini mbaya bila kufikiria mara mbili.

Chuma ndo penyewe, na ndo pagumu kupajua kwa macho. Kipimo changu ni tupa, na kwa sababu dukani hawatakuruhusu, fanya ukifika nyumbani siku hiyohiyo kabla hujatupa risiti. Pitisha tupa kwenye makali kwa kusukuma taratibu (vaa glavu, tupa ikiteleza kidole ndo kinaenda). Ikiteleza tu kama uko juu ya kioo, chuma kimekazwa (kimefanywa kigumu) kupita kiasi, kitavunjika mapengo. Ikila kirahisi kama unakwangua msumari wa kawaida, ni laini mno, kitajikunja kwenye kuni ya kwanza ngumu. Unachotaka ni katikati, tupa ing'ate lakini kwa kunung'unika. Kwa namba, mashoka ya maana mara nyingi makali yake yanakuwa kati ya 50 na 58 kwenye kipimo cha ugumu wa chuma kinachoitwa Rockwell C, lakini nani ana mashine hiyo nyumbani, tupa inatosha. Kile kilichong'aa nilikuja kukipima kwa tupa baada ya pengo kutokea, ikawa inateleza wiii kama inacheka. Ningekipima siku ya kwanza ningekirudisha.

Jaribu na ubavuni pia, karibu na tundu, pale tupa inatakiwa ile kirahisi zaidi, kwa sababu kawaida wanakaza makali tu, sehemu ya tundu inaachwa laini ili isipasuke. Ndo hiyohiyo sababu usitumie kisogo cha kishoka kugongea vyuma, tundu linatanuka taratibu na siku moja kichwa kinaanza kucheza hujui kwa nini. Vigingi vya mbao sawa, vigingi vya chuma tafuta nyundo au jiwe.

Kingine, ukiona alama ya bluu bluu kwenye makali, hapo walisaga kwa haraka chuma kikapata joto kama nyuzi 300 hivi za Selsiasi na ugumu ukapungua. Kama ni ukanda mwembamba unaweza kuula kwa tupa ukaupita ukakuta chuma kizuri nyuma yake. Kama bluu imepanda juu, basi tena.

Vile vya chuma kimoja kuanzia kichwa mpaka mpini, kama vya Estwing, kichwa hakichomoki hata iweje, ila mkono unapokea mtikisiko zaidi. Vya mpini wa plastiki ngumu kama Fiskars vinashika vizuri sana lakini mpini ukifa ndo umekufa. Na vile vyenye nyundo, msumeno, dira na kifungulia chupa kwa pamoja... jamani. Kimbia.

Kwa ukubwa mi napenda kichwa cha gramu 500 mpaka 700 na mpini wa sentimita 35 hivi. Kifupi kuliko hapo ukikosa kuni kinakuja kwenye mguu wako, ndo maana siku hizi nachanja nikiwa nimepiga magoti, kikikosa kinaishia ardhini.

Sasa hicho kibaya changu. Makali yalikuja mazito kama kabari, nikayala kwa tupa karibu saa nzima mpaka yakafika kama nyuzi 25 mpaka 30 za pembe, nikiwa nimeyapaka maka peni ili nione tupa inakula wapi na wapi bado. Vanishi nikaitoa kwa msasa maana inateleza na kutoa malengelenge, nikapaka mafuta ya kitani mara nne, kila mara nikiacha yakauke. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye kona, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, vitandaze nje vikauke.

Baada ya kiangazi kikali kichwa kilianza kucheza kidogo, mti ulikuwa umekauka ukasinyaa. Watu wakaniambia nikiloweke kwenye maji, nimeshafanya hivyo zamani, kinakaza siku mbili afu kinalegea kuliko mwanzo, kwa sababu nyuzi zikivimba ndani ya chuma zinajibonda. Safari hii nilikishika mpini kichwa kikiwa chini kinaning'inia hewani, nikagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Unaona kichwa kinapanda chenyewe taratibu kuelekea mkononi, kila pigo kama milimita moja hivi, mara ya kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikapiga kabari mpya, mti uliochomoza juu nikauacha hivyohivyo.