Maswali ya wasomaji: Ubaoni sheria hii, simuni sheria nyingine

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Barza yetu ina ubao wa chaki, kila asubuhi tunaandika habari. Juzi tuliandika: "Unga haushikiki, Serikali imelala." Sheha akapita, akasema huo ni uchochezi, tuufute kabla hajapiga simu kituoni. Tumefuta. Jee, kweli kuisema Serikali ni uchochezi?
Wanabarza, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam. Kwa maneno hayo pekee, hapana. Lakini sheha hakuitoa hofu yake hewani, kwa hiyo tuanze na sheria yenyewe.

Makosa ya jinai ya Zanzibar yamo katika Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 2004. Somo la uchochezi kwetu ni urithi wa Muingereza, na sura yake ni ile ile karibu kote alikotawala. "Nia ya uchochezi" ni nia ya kuwafanya watu waichukie au waidharau Serikali, au ya kutia chuki baina ya matabaka ya watu. Hakuna panapotakiwa mtu arushe jiwe. Mwaka 1940 baraza la rufaa la London, katika kesi ya Wallace-Johnson iliyotoka Gold Coast (Ghana ya leo), lilisema wazi kwamba maneno yanaweza kuwa uchochezi hata kama hayakumwita mtu yeyote kwenye fujo. Balaa lilianzia hapo: "chuki" na "dharau" havina kipimo, na mpimaji ni yule yule anayesemwa.

Sheria hizo hizo, hata hivyo, zina mlango wa kutokea ambao watu hawausomi. Si uchochezi kuonesha kwamba Serikali imekosea au imepotoshwa. Si uchochezi kutaja kasoro za sheria, za utawala au za mahakama kwa nia ya kuzirekebisha. Wala si uchochezi kuwashawishi watu wadai mabadiliko kwa njia halali. Maneno ya kushika ni "kwa nia ya kurekebisha", kwa sababu nia husomwa kutokana na matokeo ambayo kwa kawaida yangefuata maneno yako. Kwa hiyo dawa iandikwe pamoja na lawama. "Unga haushikiki, Serikali imelala, tunataka ushuru wa unga upunguzwe" ni sentensi inayojitetea yenyewe. "Serikali hii haistahiki kutiiwa, na wanaoiunga mkono wasiuziwe unga" inamfanyia kazi mwendesha mashtaka.

Sheha ni mwakilishi wa Serikali katika shehia. Anaweza kutoa taarifa polisi, lakini kusema hili ni kosa na hili si kosa ni kazi ya mahakama. Mkiambiwa tena mfute, kwanza upigeni picha ubao mzima, pamoja na sentensi za juu na za chini. Hati ya mashtaka lazima itaje maneno yaliyoandikwa, na shahidi atakumbuka yale makali tu.

Tuongeze hili kwa wapenda historia. Abdulrahman Babu alifungwa hapa Unguja mwaka 1962 kwa kosa la uchochezi, na mwaka 1964 alikuwa waziri. Kenya ilifuta kosa hili 1997, Mahakama ya Katiba ya Uganda ikalibatilisha 2010, na Waingereza wenyewe walilifuta kwao 2009.

SWALI: Maneno ya ubaoni yakipigwa picha na kurushwa katika kundi la WhatsApp, kosa ni lile lile? Na polisi wakitaka simu yangu, nifanyeje?
Msomaji, Jang'ombe

JIBU: Hapa ndipo Wazanzibari wengi wanapoteleza. Habari si jambo la Muungano, ndiyo maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaishia Tanzania Bara. Lakini posta na simu ni mambo ya Muungano, na Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya 2015 inavuka bahari: inatumika Bara na Zanzibar. Maneno yakitoka kwenye chaki yakaingia kwenye simu, yamehamia chini ya sheria nyingine.

Kifungu kinachotumika sana ni cha 16, taarifa za uongo. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba taarifa ni ya uongo au inapotosha, kwamba ulijua hivyo, na kwamba ulikusudia kutukana, kutisha, kuchafua jina au kuupotosha umma. Maoni kama "Serikali imelala" hayapimwi kwa ukweli na uongo. "Watu kumi wamekufa kwa njaa Micheweni" yanapimwa. Hasara kubwa ipo kwenye tarakimu, majina na picha za zamani zinazorushwa kama za leo. Aliyesambaza naye amechapisha, kwa hiyo kuandika "nimeipokea kama ilivyo" hakukukingi.

Kuhusu simu: kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru upekuzi na kuchukua kifaa akiwa na sababu za msingi za kushuku, bila ya kupitia kwa hakimu. Usigombane. Omba kuiona amri, uliza jina na kituo cha askari, kisha dai orodha ya vilivyochukuliwa. Orodha itaje aina ya simu, laini, kadi ya kumbukumbu na ile namba ya kifaa ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Iandike leo, uiache nyumbani. Wengi hufanya kosa la kufuta ujumbe pale wanaposikia hodi. Kifungu cha 22 kinafanya kufuta data zinazohitajika katika uchunguzi kuwa kosa peke yake, na mtu ambaye kwa maneno yake asingefungwa anaweza kufungwa kwa kufuta.

Ukikamatwa, taja jina lako na sema utatoa maelezo mbele ya wakili au ndugu. Ukisomewa maelezo, kila ukurasa uusome kabla ya kutia saini. Muda wa kawaida wa kufikishwa mahakamani ni saa 24, kwa hiyo jamaa zako waandike saa uliyochukuliwa. Asiye na uwezo wa wakili aulizie huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Chake Chake.

SWALI: Nina duka la stesheni Mkoani. Watu huleta vipeperushi vya siasa nichapishe. Si maneno yangu, yananihusu nini?
Mwenye duka

JIBU: Yanakuhusu. Januari 2016, baada ya uchaguzi wa Zanzibar kufutwa, gazeti la Mawio lilitoka na kichwa "Machafuko yaja Zanzibar". Likafungiwa. Walioshitakiwa Kisutu, Dar es Salaam, hawakuwa wahariri wawili na Tundu Lissu tu. Mchapaji wa gazeti naye alikuwemo. Soma kila unachochapa, baki na nakala moja yenye tarehe, na andika jina na namba ya aliyeleta kazi. Kipeperushi kisicho na jina la mwenyewe kikatae.

SWALI: Uchochezi na uhaini si kitu kimoja?
Mwanafunzi, Chake Chake

JIBU: Mbali sana. Uhaini ni kosa la adhabu ya kifo na halina dhamana. Na hapa pana jambo la kwetu hasa: wanachama 18 wa CUF walikaa rumande zaidi ya miaka miwili kwa kesi ya uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani, katika shauri la SMZ dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, ikasema uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, nayo ni Jamhuri ya Muungano. Wakaachiwa.

SWALI: Mahakama za ndani zikishindikana, Arusha panafaa?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Panafaa, na huna haja ya kumaliza za ndani kwanza. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliona vifungu kadhaa vya ile sheria ya habari ya Bara, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kinachowaangusha watu ni muda: miezi miwili tu tangu kitendo kufanyika au tangu ulipokijua, na mahakama imeshasema haina uwezo wa kuuongeza. Ukipokea barua ya "suala lako linashughulikiwa", siku zinaendelea kuhesabiwa.